Joto la Chini ya Meza

Ilikuwa Jumanne, tukinywa chai ya saa nne, Mama aliponiambia anarudi Takaungu, na mashine yangu ilikuwa ikivuma chini ya meza hata akalazimika kusema mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ananiomba sukari. Mara ya pili nilisikia vizuri sana.

"Mwezi ukiisha nitarudi kwangu," alisema. "Kelele hizi, mwanangu. Hazikuwapo nilipokuja."

Nilijitia hamnazo. Nikamwongezea chai ambayo hakuiomba. Lakini niliogopa, na nitaeleza kwa nini, maana bila hilo mtu ataona nilichofanya wiki zilizofuata ni wazimu mtupu.

Nyumba ya Takaungu haina mtu. Baba alifariki, Mama akakaa eda yake pale pale, miezi minne na siku kumi, na kabla haijaisha aliteleza uani karibu na kisima. Alilala chini tangu adhana ya alasiri mpaka karibu na magharibi, ndipo jirani akapita kuomba ndimu akamwona. Hakuvunjika. Alisema alikuwa akihesabu kuku wa watu kupitisha wakati. Alilisema kwa kucheka, na mimi nilitoka nje nikalia. Kaka yangu yuko Uarabuni, anarudi kila baada ya miaka miwili. Kwa hivyo eda ilipokwisha nilikwenda nikamchukua, nikamleta kwangu Malindi, na nilijua kabisa kwamba akirudi kule peke yake, siku moja jirani hatakuwa na haja ya ndimu.

Alikuja na begi moja la kahawia. Aliliweka miguuni pa kitanda na hakulifungua lote. Alichukua nguo alizohitaji, akafunga zipu. Buibui lake alilitundika kwenye mgongo wa kiti cha plastiki karibu na mlango, pale anapotundika mgeni aliyepita kusalimia. Miezi minane lilikaa pale. Nilimwambia kuna nafasi kabatini, akasema, "Haya," na buibui likabaki kitini.

Sasa mashine. Kazi yangu ni kuchora nyumba. Mtu anataka kujenga, ananipa vipimo vya kiwanja, nami namtengenezea picha ambayo ukiitazama kwenye kioo unadhani nyumba imeshasimama: jua limepiga ukutani, kivuli cha mnazi kimelala juu ya ngazi, mlango uko wazi kidogo. Kupika picha kama hiyo, ndivyo tunavyosema, kunataka kompyuta yenye kadi nzito ya picha, yaani kile kipande cha ndani kinachochora. Na kadi nzito zimo kwenye kompyuta za gemu. Basi nikanunua ya gemu, imeshaundwa dukani Mombasa, kila kitu ndani, unachomeka waya tu. Ubavuni ina kioo na ndani taa zinazobadilika rangi kutoka nyekundu hadi buluu hadi zambarau. Siku ya kwanza alipofika, Mama alisimama mbele yake, mkono kiunoni, akauliza, "Hii ni ofisi au harusi?"

Mwanzoni ilikuwa na adabu. Ukiipa kazi nzito feni zake zilianza polepole, sauti ya mtu anayepepeta mchele chumba cha pili, na ukimaliza zinanyamaza. Miezi ikapita, mchele ukawa mashine ya kusaga nafaka. Meza ilitetemeka hadi kijiko kikalia ndani ya kikombe. Na joto, wallahi. Nilikuwa nikikaa na miguu nje ya meza kama mtu anayesubiri kukimbia. Ukuta uliotenganisha sebule na chumba cha Mama ni wa mbao, na mashine imeuegemea. Upande wa pili wa mbao zile ndiko kichwa cha kitanda chake kilipo. Ukiweka kiganja kwenye ukuta wake wakati nikifanya kazi, unahisi vuguvugu.

Kwa hivyo nilijua la kufanya. Kelele zikiisha, sababu imeisha. Nilikuwa na siku kumi na tisa.

Mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikiwa darasa la nne niliifungua redio ya Baba nione anayesema anakaa wapi. Baba alikasirika. Mama hakukasirika, alikusanya misumari midogo ya skrubu ya redio ndani ya kofia aliyokuwa akiifuma, akanikabidhi na kusema, "Rudisha ilivyokuwa." Ilinichukua siku mbili na misumari miwili ilibaki, lakini redio ilisema.

Safari hii nilianza na daftari. Kuna programu inayokuonyesha kadi ina joto kiasi gani, na nikawa naandika: saa, kazi, joto. Mashine ilipokuwa mpya nilishawahi kuitazama kwa udadisi tu, nikakuta haipiti digrii sitini na tisa. Sasa ilikuwa inafika themanini na sita, na mahali penye moto zaidi ndani ya kadi pamepita mia. Maji yanachemka kwa joto hilo. Nilikaa nikaitazama ile namba, na badala ya kuogopa nikaona raha. Kitu chenye namba kina sababu.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa chumvi. Hapa kwetu chumvi inakula kila kitu, bawaba, friji, bati, na miezi ile nilikuwa na mteja Gongoni, nikienda kwa bodaboda kupima kiwanja chake karibu na mashamba ya chumvi na kurudi midomo ikikwaruza. Nikadhani naileta mwenyewe kwenye nguo. Kwa wiki nzima kila nikirudi kutoka Gongoni navua viatu nje na kubadilisha nguo msalani. Mama akanitazama akaniuliza kama kule Gongoni kuna ugonjwa. Joto halikushuka hata digrii moja.

Mshukiwa wa pili alikuwa kitambaa. Mama hawezi kuona kitu tambarare kikakaa uchi. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, friji ina kitambaa, mtungi wa gesi una sketi. Na mashine yangu juu yake, palipo na matundu ya kutolea joto, ilikuwa imevishwa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi pembeni. Nilikitoa. Zikashuka digrii nne. Nilifurahi nikampa hata yeye habari, "Kumbe ilikuwa imefunikwa pua." Alikikunja kile kitambaa taratibu, akakiweka kwenye begi lake la kahawia. Nilijilaumu siku nzima.

Nikampigia fundi mmoja wa kompyuta mjini. Alinisikiliza kwa dakika moja akasema, "Joto la Malindi hilo, dada. Tia kiyoyozi." Nilimuuliza kama Malindi ya mwaka jana ilikuwa na theluji. Akacheka, na nikakata simu, maana mtu asiyetaka kujua hunipandisha hasira haraka.

Kisha nikanakili daftarini na namba za wiki za nyuma ambazo programu ilikuwa imezitunza, nalo likanionyesha jambo. Joto halikuwa likipanda siku hadi siku. Lilikuwa likikaa palepale Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mpaka Jumatano. Ijumaa asubuhi nikiwasha, namba imeruka. Digrii moja, mara nyingine mbili, na haishuki tena mpaka Ijumaa nyingine iruke tena. Nilipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Nilijiuliza kama ni umeme wa Alhamisi. Nilijiuliza kama ni kazi ninazoipa, kwa sababu Alhamisi baada ya chakula cha mchana huwa naiachia picha kubwa ipike yenyewe kwa muda wa saa tatu au nne, nami natoka kwenda kuona wateja.

Natoka kwa sababu Alhamisi alasiri ni ya Mama. Ndiyo saa anayomsomea Baba. Anatandika msala, anasoma Yasini, anachoma udi. Sebule nampisha. Udi wake anaupika mwenyewe, kwa sukari na marashi, kama mama yake alivyokuwa akipika, na anauweka kwenye chupa ya jemu. Nikirudi kabla ya magharibi nyumba nzima inanukia, hata jikoni, hata mapazia ya msalani, na nilikuwa nikishangaa vile chetezo kimoja kidogo kinavyoweza kufikisha moshi kila pembe. Kule Takaungu moshi wake uliishia chumbani.

Niandikavyo hapa, naona mtu anayesoma ameshajua. Mimi sikujua. Nilikuwa na daftari, kalamu nyekundu na programu ya namba, na sikujua.

Jumatatu, zikiwa zimebaki siku sita, niliamua kuifungua kadi yenyewe. Nilikuwa nimeagiza kutoka Mombasa ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya moyo wa kadi ili joto lipite, ikaja kwa basi. Kwenye duka la dawa nilinunua spiriti. Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Nikatandika mkeka sebuleni, nikaitoa kadi, nzito kuliko nilivyodhani, uzito wa samaki wa watu wanne, nikaanza kufungua misumari na kuipanga kwenye sahani.

Chini ya feni kuna vibati vyembamba vya alumini, mamia, vimesimama karibu karibu kama kurasa za msahafu. Upepo unatakiwa upite katikati. Nilitarajia vumbi la kijivu, au ule unga mweupe wa chumvi. Nilichokiona kilikuwa cha rangi ya kahawia, kinang'aa, kimeshika vumbi na nywele na nyuzi za kanga vikawa zulia moja. Hapakuwa na nafasi ya upepo. Nilikigusa, kidole kikanata. Nilishangaa kweli. Katika maisha yangu sijaona vumbi linalonata. Nikakinusa, hakikuwa na harufu.

Nikamwaga spiriti kwenye pamba, nikaanza kufuta.

Harufu haikuja polepole. Ilijaa chumba mara moja: marashi, sukari iliyoungua, ule mti wenyewe. Harufu ya Idi. Harufu ya kanzu ya Baba akitoka msikitini. Nilikaa na pamba mkononi, na Ijumaa zangu zote za kalamu nyekundu zikasimama mbele yangu zikinitazama.

Jambo la pili lililonijia lilinitia baridi zaidi. Nilikumbuka maneno yake ya ile Jumanne. *Hazikuwapo nilipokuja.* Nilikuwa nimeyasikia kama malalamiko. Hayakuwa malalamiko. Alikuwa akihesabu. Kelele hazikuwapo, yeye akaja, kelele zikaja.

Na sasa nilikuwa na ushahidi, kwenye pamba, kwamba hesabu yake ni sahihi.

Nilifikiri haraka. Nifute haraka haraka, nifungue madirisha, nimwambie ni chumvi ya Gongoni. Niliinuka niwashe pangaboi. Lakini mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imeshanyamaza, na Mama amesimama mlangoni, mikono myeupe ya nazi, pua juu.

"Leo Alhamisi?" aliuliza.

"Jumatatu, Mama."

Alitazama sahani ya misumari. Alitazama pamba. Mama hakusoma shule zaidi ya miaka mitatu, lakini hajawahi kuhitaji kuelezwa kitu mara mbili. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka na mikono yake ile ile.

"Ni mimi," alisema.

Nikashindwa hata kudanganya, na mimi si mtu wa kushindwa na hilo.

"Nilikuwa nakisomea," akasema, akiitazama ile kadi. "Ndicho kinachotulisha. Watu wanaingia humu, wanakiona na taa zake, kila mtu na jicho lake. Nikasema nikifukize, Mungu akulinde. Nikaweka chetezo pale mbele yake, chini ya meza. Mara nikaona kinavuta ule moshi. Kinauvuta kabisa, halafu kinautoa juu, unakwenda nyumba nzima. Nikasema alhamdulillahi, kimeupokea." Aliigusa ile pamba. "Kilipoanza kupiga kelele nikajua kuna hasidi. Nikazidisha."

"Ukazidisha."

"Kila kikizidi kulia, nami nazidisha udi."

Mungu anisamehe, kicheko kilinipanda mpaka kooni. Mashine inaziba kwa udi, inapiga kelele kwa kuzibwa, inaongezewa udi kwa sababu inapiga kelele. Lakini nilimtazama usoni na kicheko kikashuka chenyewe. Alikuwa na uso ule wa siku niliyokwenda kumchukua.

"Nilijua," alisema. "Nyumba hii ilikuwa imetulia. Nimeingia mimi na mikosi yangu, kazi yako inataka kuungua. Nimekaa na mume, amekufa. Nimekuja kwa mtoto, chombo chake kinakufa. Siku sita nyingi. Kesho nitakwenda."

Hapo nikakasirika. Nasema kweli, sikuhuzunika, nilikasirika. Nilimwambia mambo bila mpango. Nilimwambia mikosi haina rangi ya kahawia wala haifutiki kwa spiriti. Nilimwambia hii mashine nimekaa nayo tangu niinunue sijaifungua hata siku moja kuipangusa, mimi, mwenye kujifanya najua, na udi usingenata kama vumbi langu lisingekuwapo. Nilimwambia baba yangu amekufa kwa moyo wake, hakufa kwa mkewe. Na mwisho nilimwambia, "Nimeshakuwa yatima mara moja. Usinifanye yatima mara ya pili kwa sababu ya vumbi, Mama, na wewe u hai."

Sijawahi kumpandishia Mama sauti kabla ya siku ile. Nilitaka kuomba radhi hapo hapo. Yeye alikuwa ameangalia chini, anapangusa nazi vidoleni kwa pindo la kanga, kidole kimoja kimoja.

Alipofika kidole cha mwisho akasema, "Hiyo pamba haitafika ndani."

"Haifiki," nilisema.

Aliinuka. Nilisikia zipu ya begi, nikadhani anapakia. Akarudi na sindano zake za kufumia kofia na kitambaa cheupe chenye maua ya waridi pembeni. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini vidole vyake vimetoboa vitundu vya kofia miaka arobaini, na vibati vile kwake vilikuwa kazi anayoijua. Alifunga kipande cha kitambaa kwenye ncha ya sindano, akachovya kwenye spiriti, akapitisha katikati ya vibati viwili, akavuta. Kikatoka kama utepe wa kahawia. Akapitisha tena. Nilitaka kumzuia asikiharibu kitambaa chake, akaniambia niache maneno, nishike upande huu.

Tulikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi. Tulifuta safu baada ya safu. Aliniuliza kila kitu. Moyo wake uko wapi? Hii dawa ya kijivu ni ya nini? Kwa nini feni ziko tatu na si mbili? Nilimjibu niliyoyajua, na mawili sikuyajua nikamwambia sijui. Alifurahia hayo mawili kuliko mengine. Nazi ilichacha jikoni, na mchana ule tulikula mkate na mayai.

Nilipoiunganisha tena hakukubaki msumari hata mmoja kwenye sahani. Nikaipa ile picha nzito kuliko zote, ya ghorofa ya mteja wa Gongoni. Feni zikaanza taratibu, mchele unapepetwa chumba cha pili. Nikaandika daftarini: sabini na moja. Mama akachungulia.

"Umeizima?"

"Inafanya kazi."

Alikwenda chumbani kwake akaweka kiganja ukutani, kwenye mbao. Alikaa nacho hapo kwa muda. Hakuniambia alichohisi, na mambo ya Takaungu hakuyataja, kuyafuta wala kuyathibitisha. Sikumuuliza. Nilikuwa na woga wa kuuliza.

Jumanne hakwenda. Jumatano hakusema kitu. Alhamisi nikamwahirisha mteja, nikabaki nyumbani, nikajifanya nina kazi ya haraka. Baada ya alasiri alitoka chumbani na chetezo mkononi, makaa yameshashika, akasimama palipoishia mkeka. Alikuwa anasubiri nimpe ruhusa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na jambo hilo liliniuma kuliko yote.

"Hiki," alisema, akionyesha mashine kwa kidevu, "kinavutia wapi, kinatolea wapi?"

Nilimwonyesha. Hewa inaingia mbele, inatoka juu na nyuma. Alisogeza mkono wake mbele ya mashine, kisha nyuma, akahakikisha mwenyewe. Halafu akaizunguka ile meza, akaweka chetezo dirishani, upande wa nyuma, mahali ambapo pumzi ya mashine ingeusukuma moshi nje. Akatia udi. Moshi ukapanda, ukayumba, ukashika njia nyingine. Mwingi ulitoka nje, kwa majirani. Kidogo ulizunguka ukarudi ndani.

"Basi na wao wanukie," alisema, akatandika msala wake.

Nilizima kioo nikakaa kimya akimsomea Baba. Alipomaliza alikunja msala, akakaa akiutazama mlango kwa muda, kile kiti cha plastiki na buibui lake ambalo pindo lilikuwa likiburuza sakafuni. Aliuliza kama nyundo ipo.

"Ipo. Ya nini?"

"Nitafutie na msumari. Buibui langu linachafuka hapo."

Nilikwenda jikoni nikavuta droo, nikamwaga misumari yote mezani, nikachagua mrefu kuliko wote.